Katavi: Kilichojengwa kwa Jasho Kisikose Mtunzaji

Maendeleo makubwa hujitangaza yenyewe. Barabara ya lami ikifika, kila mtu huiona. Hospitali ya mkoa ikifunguliwa, ngoma hupigwa na utepe hukatwa. Lakini yapo maendeleo mengine ambayo hayapigiwi ngoma. Ni choo kilichochimbwa nyuma ya darasa. Ni kidaraja cha magogo kilicholazwa juu ya korongo ili watoto wavuke salama wakati wa masika. Ni matofali elfu chache yaliyofyatuliwa na wakazi wa kitongoji kimoja baada ya mavuno. Kwa kuwa mambo hayo ni madogo, watu huyasahau upesi, ingawa ndiyo yanayoamua kama mtoto atasoma akiwa ameketi au amesimama, na kama mama ataamka saa tisa usiku kutafuta maji au la.

Makala haya yanayatazama mambo hayo katika Mkoa wa Katavi, hasa Mpanda na wilaya jirani, na yanauliza swali moja ambalo kila familia inaweza kujiuliza: kwa nini baadhi ya kazi za kujitolea hudumu, na nyingine huanza kubomoka kabla ya jasho la wenyewe kukauka?

MJI ULIOBAKI BAADA YA MGODI

Mpanda ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo, kwa sababu historia yake yenyewe ni fundisho. Mji huo ulikua kwa ajili ya madini ya risasi. Serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli lenye urefu wa kilomita 210 kutoka Kaliua, ili madini hayo yapate njia ya kufika kwenye Reli ya Kati na hatimaye pwani. Reli ilifunguliwa mwaka 1950. Miaka 10 baadaye, mwaka 1960, mgodi ulifungwa.

Kwa wenye kampuni, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini watu hawakufungwa pamoja na mgodi. Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa walikuwapo kabla ya reli. Wanyamwezi, Waha, Wasukuma na wengineo walikuja kwa nyakati mbalimbali, kwa treni na kwa miguu. Walipanda mahindi, karanga na mpunga, wakatundika mizinga ya nyuki katika miombo, wakafungua maduka na kuoza watoto wao. Jambo kubwa lililoletwa kutoka nje lilikwisha pale faida yake ilipokwisha. Yale madogo yaliyoshikwa na wakazi wenyewe ndiyo yaliyoufanya mji usife.

WATU WAMEZIDI, VYUMBA HAVITOSHI

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012, baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Hilo ni ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 3.2. Kwa maneno mengine, katika muda ambao mtoto huzaliwa na kufika darasa la nne, mkoa mzima uliongezeka zaidi ya mara mbili. Wakulima na wafugaji walihamia kutafuta ardhi na malisho, wachimbaji wadogo walifuata dhahabu, na watoto wengi walizaliwa.

Msomaji aliye na familia anaweza kukadiria maana yake. Nyumba iliyokuwa na watoto watatu ikawa na watoto saba katika kipindi hicho itahitaji sufuria kubwa zaidi, vitanda zaidi na maji zaidi. Ndivyo ilivyo kwa kijiji. Hakuna hazina ya serikali inayoweza kupanua vyumba vya madarasa kwa kasi hiyo pasipo mikono ya wananchi. Hapo ndipo linapoingia lile neno ambalo kila mzazi wa vijijini analijua: boma.

Boma, kwa lugha ya kazi hizi, ni kuta za darasa au zahanati zilizopandishwa hadi kwenye lenta bila paa. Utaratibu wake umezoeleka nchini kote. Wananchi huchimba msingi, husomba mawe, mchanga na maji, hufyatua matofali na kuyachoma, na humlipa fundi. Halmashauri nayo huombwa kukamilisha kwa mbao, mabati, saruji na madirisha. Kazi hufanyika kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Mbiu hupigwa na kila kitongoji hupangiwa siku yake. Kina mama, ambao aghalabu ndio wanaobeba maji ya kukandia udongo, hufika na ndoo zao kabla jua halijachomoza ili warudi nyumbani kuwapikia watoto.

Ni utaratibu mzuri, lakini una mlango mmoja wa hasara. Ukuta usio na paa haungoji. Mvua ya mwaka wa kwanza hulainisha udongo uliounganisha matofali. Mvua ya mwaka wa pili huangusha kona. Kijiji kilichoanzisha maboma matatu kwa mara moja, kwa shauku au kwa kushindana na jirani, chaweza kujikuta hakina hata darasa moja. Hasara hiyo ni kubwa kuliko thamani ya matofali. Mwananchi aliyetoa siku zake sita na kuona kuta zikirudi kuwa udongo hataitikia mbiu kwa moyo uleule mara nyingine. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: liezekwe moja kwanza, ndipo lianzwe la pili.

Iko na hesabu ya miti. Tanuri la kuchomea matofali hula magogo mengi, na Katavi ni mkoa wa misitu inayopungua. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukieneza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, na hayahitaji moto kabisa. Kijiji kinachopanga ujenzi wa miaka kadhaa kina sababu ya kuulizia mashine hiyo.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Michango mingi ya vijiji haikuuawa na umaskini, bali na ukosefu wa daftari.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 iliweka mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu cha maamuzi kijijini. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Mkutano huo unapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanapopaswa kusomwa mbele ya watu. Haitoshi hesabu ikabandikwa ukutani mahali ambapo wasiojua kusoma hupita bila kuielewa. Isomwe kwa sauti: zimeingia shilingi ngapi, mifuko ya saruji iliyonunuliwa ni mingapi, iliyobaki iko wapi na ufunguo wa stoo anao nani.

Katika daftari hilo iandikwe pia nguvu kazi. Mjane aliyesomba maji siku nne ametoa mchango sawasawa na mfanyabiashara aliyetoa fedha, na jina lake lisomwe pamoja na lake. Watu wakongwe, wagonjwa na wenye ulemavu wasilazimishwe kazi wasiyoiweza. Zaidi ya hayo, tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, serikali imesisitiza kuwa mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango. Kumfukuza mtoto darasani kwa ajili ya kujenga darasa ni kubomoa kwa mkono wa kushoto kile kinachojengwa kwa mkono wa kulia.

MTOTO WA KIKE NJIANI

Kwa nini tunasisitiza sana darasa na umbali wake? Kwa sababu katika Katavi suala hili linamgusa binti kuliko mtu mwingine yeyote. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au walikuwa na mimba. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha Katavi imeshuka hadi asilimia 34. Kushuka huko ni jambo la kutia moyo, lakini bado ni msichana mmoja katika kila watatu.

Sababu ni nyingi, nazo haziwezi kubebeshwa umbali peke yake. Hata hivyo, fikiria kata yenye vijiji vilivyotawanyika porini na shule moja ya sekondari. Binti wa miaka 14 hutembea alfajiri na kurudi jioni akiwa na njaa, na njiani yupo mwenye pikipiki anayempa usafiri wa bure. Au wazazi humpangia chumba karibu na shule, akajipikia na kulala peke yake, bila mkubwa wa kumuuliza amerudi saa ngapi. Wazazi hao si wabaya. Wamechagua walichokiona kuwa nafuu kati ya taabu mbili.

Ndiyo maana jamii nyingi nchini zimejenga mabweni na hosteli za wasichana. Lakini hapa tena swali letu linarudi. Bweni si kuta na vitanda tu. Linahitaji matroni anayelala hapo, uzio, mlango unaofungika, taa, maji na choo chenye faragha, na chakula kinachotoka kwa wazazi kwa utaratibu unaoeleweka: debe la mahindi kiasi gani, maharage kiasi gani, yapelekwe lini na yapokelewe na nani. Bweni lililojengwa bila kupanga mambo hayo hugeuka ghala katika mwaka wake wa pili, na binti hurudi kwenye chumba cha kupanga.

Kina baba wanapaswa kukumbuka kuwa kikao cha bweni si cha kina mama peke yao. Na kwa binti ambaye tayari amepata mtoto, mlango haukufungwa: tangu mwishoni mwa mwaka 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule za kawaida. Lakini ruhusa hiyo haimlei mtoto mchanga. Bibi anayekubali kubaki na mjukuu asubuhi ili mama yake aende shule naye amefanya kazi ya maendeleo, ingawa hakuna atakayempigia makofi.

MGENI NA JEMBE

Katavi ina mfano mkubwa wa watu walioanza bila kitu. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania. Makazi ya Katumba, ambayo sasa yamo katika Halmashauri ya Nsimbo, yalianzishwa mwaka 1973. Mishamo, katika Wilaya ya Tanganyika, yalianzishwa mwaka 1978. Familia zilipewa ardhi katika pori la miombo, zana na mbegu, zikaambiwa zijitegemee. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: methali hiyo iligeuka sera.

Walifyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, wakajenga nyumba, shule na makanisa, na baada ya miaka kadhaa walikuwa wakijilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 2010, watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora walikubaliwa uraia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti vyao.

Kati ya miaka hiyo miwili kuna somo. Kwa muda uraia ulifungamanishwa na mpango wa kuwahamishia wakazi hao mikoa mingine, na watu wakaishi katika mashaka. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo hapandi mwembe wala haezeki bati jipya. Hilo si la Katumba peke yake: mpangaji, mhamiaji na mfugaji aliyefika majuzi watajitolea kwa moyo pale tu watakapohesabiwa kuwa wenyeji. Kijiji kinachowaita wageni siku ya kusomba mawe na kuwasahau siku ya kuchagua kamati kinajipunguzia nguvu chenyewe.

MSITU WENYE WENYEWE

Mfano wa pili uko upande wa magharibi, katika milima ya Ntakata, Wilaya ya Tanganyika, ambako misitu ya miombo ni makao ya sokwe. Huko vijiji vinane, miongoni mwao Mwese, Lwega, Katuma na Bujombe, vilipanga matumizi bora ya ardhi na kutenga sehemu za misitu yao zisilimwe wala kukatwa ovyo. Vijana wa vijiji hivyo huchaguliwa kuwa walinzi, hupita msituni na kutoa taarifa. Miti ikiachwa imesimama hushikilia hewa ya ukaa, na kampuni za nje hulipia hewa hiyo kupitia mradi unaosimamiwa na Carbon Tanzania.

Kwa njia hiyo vijiji hivyo vimepokea mabilioni ya shilingi, na wananchi wameamua katika mikutano yao zitumikeje: madarasa, zahanati, nyumba za watumishi, bima ya afya ya jamii na posho za walinzi. Ni fedha nyingi, lakini mzizi wake ni kazi ndogo ya kila siku: mlinzi anayetembea msituni, mwenyekiti anayekataa kuuza eneo kwa siri, mkutano unaosimama imara pale mwenye mifugo mingi anapoomba apewe njia. Bei ya hewa ya ukaa hupangwa na masoko ya mbali na yaweza kupanda au kushuka. Kitakachobaki kijijini bei ikishuka ni msitu, pamoja na tabia ya kukutana na kuhesabu.

PAMPU, SANDUKU NA REDIO

Tabia hiyohiyo ndiyo inayookoa kisima. Pampu ya mkono huharibika kwa kifaa kidogo cha mpira kulika, lakini isipotengenezwa kina mama hurudi kwenye dimbwi. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilitambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyokusanya malipo ya watumiaji na kufanya matengenezo. Shilingi chache kwa ndoo huudhi mpaka siku pampu inapokufa na mfuko ukawa mtupu.

Ndivyo ilivyo pia kwa vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, ukaenea Afrika, na kwetu ukajulikana kwa jina la VICOBA. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Ulinzi wake haumo katika chuma cha kufuli. Umo katika utaratibu kwamba halifunguliwi isipokuwa mbele ya wote.

Wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasoma vijitabu, wakajadili malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walielewa kwanza, ndipo wakashika majembe. Hakuna sababu ya utaratibu huo kuachwa kwa kuwa redio za siku hizi ni ndogo na zinatoshea mfukoni.

KAZI BAADA YA KAZI

Basi, msomaji, jibu la swali letu si gumu, ingawa kulitekeleza ni kazi. Kabla ya kuchimba msingi, watu wakubaliane na waelewe. Wakati wa kujenga, hesabu isomwe na kila jasho litambuliwe. Na kabla ya kufurahia kumaliza, yaulizwe maswali matatu: nani atakitunza, atalipwa nini au atasaidiwaje, na kikiharibika fedha ya kukitengeneza itatoka wapi? Kazi isiyo na majibu hayo haijamalizika, hata kama imepakwa rangi.

Haya si mambo ya kusubiri kiongozi kutoka mjini. Familia yaweza kuanza Jumapili hii, kwa kutazama kitu kimoja cha jumuiya kilicho karibu na nyumba yao: kisima, mfereji, choo cha shule, kidaraja. Waulize kina nani wanakitunza. Kama hakuna jina linalotajwa, hapo ndipo pa kuanzia, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua za Novemba hazichelewi, na kule Katavi lipo boma linalongoja bati, na binti anayengoja darasa lililo karibu na kwao.